Dago si kibanda: Familia inayohamia kisiwani ndiyo mwanzo wa samaki mkavu anayefika sokoni

PALMA, MSUMBIJI. Kabla ya nyavu kupandishwa chomboni, hupanda madumu ya maji. Hufuata unga wa muhogo, chumvi, sufuria kubwa ya kuchemshia, majamvi, vyandarua, tenga lenye kuku wachache na mbuzi jike aliyefungwa kamba fupi karibu na mlingoti. Watoto hupanda mwisho, mdogo kabisa akiwa mgongoni mwa mama yake. Paka mara nyingi huwa ameshatangulia na kujikunja juu ya tanga kuukuu.

Nahodha akiona upepo umetulia, chombo huondoka ufukweni na kaya nzima ndani yake. Kwa wiki kadhaa, pengine kwa msimu mzima, nyumba yao itakuwa kibanda cha makuti juu ya mchanga wa kisiwa.

Wavuvi wa pwani ya Waswahili wana jina la safari hii: kwenda dago. Kwa mfanyabiashara anayepokea magunia ya ng'onda na papa mkavu Mtwara, Palma au Pemba, dago ni jambo analolisikia tu. Anachokiona ni gunia, mizani na bei. Lakini ubora wa mzigo wake huamuliwa huko huko kambini, na mara nyingi huamuliwa na mtu ambaye hajawahi kukutana naye: mama anayechokoa pweza, kumtia chumvi na kumwanika huku akiangalia watoto, mbuzi na mawingu kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana hali ya familia iliyoko dago ni habari ya biashara. Familia ikikosa maji, usalama au karatasi za kusafiria, kambi huvunjika, na kambi ikivunjika mzigo haufiki.

Visiwa vya kupiga kambi

Kutoka rasi ya Cabo Delgado kuelekea kusini hadi Pemba kuna mlolongo wa visiwa vya Quirimbas. Sehemu ya kusini ya mlolongo huo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, iliyoanzishwa mwaka 2002, na mwaka 2018 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya binadamu na viumbe hai. Visiwa vya kaskazini, kama Tecomaji, Rongui, Vamizi na Metundo, viko nje ya hifadhi hiyo, karibu zaidi na mdomo wa Mto Rovuma na mpaka wa Tanzania.

Baadhi ya visiwa hivi vina vijiji vya kudumu. Vingine havina kisima cha maji ya kunywa, hivyo mtu hawezi kukaa humo mwaka mzima. Hivyo ndivyo hasa vinavyofaa kwa dago: watu huja samaki wakiwa wengi na bahari ikiwa tulivu, wakavua, wakakausha, wakaondoka.

Wanaokuja si wa sehemu moja. Wamo Wamwani wa pwani hiyo hiyo, ambao lugha yao, Kimwani, iko karibu na Kiswahili. Wamo wavuvi wanaopanda kutoka jimbo la Nampula, na wamo wanaoshuka kutoka Mtwara na Lindi. Bahari hii haikuanza kuvukwa jana. Kionga, kijiji kilicho kaskazini ya Palma, kilikuwa upande wa Wajerumani hadi mwaka 1916, kisha kikawa upande wa Wareno. Mpaka ulihamishwa, lakini ndugu walibaki pale pale, na vyombo viliendelea kwenda na kurudi.

Desturi hii si ya Cabo Delgado peke yake. Wavuvi wa kisiwa cha Pemba, Zanzibar, wamekuwa wakienda dago kwenye pwani ya Kenya kwa miaka mingi, wakifuata kaskazi na kurudi nyumbani upepo unapogeuka. Upande wa pili wa Mlango wa Msumbiji, Wavezo wa magharibi ya Madagascar huhamia visiwani na familia zao, na wanapofika hutumia tanga na milingoti ya ngalawa zao kujengea hema.

Tofauti kubwa ni nani anayepanda chomboni. Pale dago linapokuwa la wanaume peke yao, huwa mahali pa kulala na kutengeneza nyavu. Linapokuwa la familia, huwa kaya kamili, yenye jiko, zizi dogo, uanio wa samaki na saa za kazi zinazofuata maji.

Maji yakitoka, mama huingia kazini

Saa ya dago ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Katika pwani hii tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku hizo maji hukauka kabisa mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 6, na mwamba hubaki wazi kwa saa chache.

Hapo wanawake hushuka na vijiti vyao vya kuchokolea. Wanatafuta tundu lenye maganda ya kaa na kombe mlangoni, dalili kwamba pweza yumo. Wengine huokota chaza na kombe kwa ajili ya mboga ya siku. Watoto wakubwa hubeba vikapu, na wadogo hubaki na bibi au dada chini ya kivuli. Maji yanapoanza kurudi, kazi ya mwambani imekwisha na kazi ya uanioni inaanza.

Pweza hupigwa ili alainike, hutumbuliwa, hutiwa chumvi na kutandazwa juani. Yapata asilimia 80 ya uzito wake akiwa mbichi ni maji. Hii ina maana kwamba mama anapomleta ng'onda aliyekauka vizuri, ameshapoteza sehemu kubwa ya uzito ili mnunuzi apate mzigo usiooza. Mnunuzi anayelipa bei ile ile kwa ng'onda mbichi-mbichi na aliyekauka humwadhibu yule aliyefanya kazi sawasawa. Matokeo yake hujulikana kwa kila mfanyabiashara: mzigo unaonuka, wadudu ndani ya gunia na hasara njiani.

Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, iliyotolewa mwaka 2023 kuhusu uvuvi mdogo duniani, ilionyesha kwamba kati ya kila watu 10 wanaofanya kazi katika sekta hiyo, 4 ni wanawake. Lakini kwenye daftari la tajiri anayetoa mkopo wa nyavu na mafuta, jina linaloandikwa ni la nahodha. Mgao hugawanywa kwa chombo, nyavu na mabaharia. Pweza wa mama huingia katika hesabu kama nyongeza, wakati siku ambazo nyavu hazikupata kitu, pweza huyo ndiye anayelisha kambi.

Pweza pia ana hesabu zake. Hukua haraka sana na huishi muda mfupi, kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake, kisha hufa. Kwa sababu hiyo mwamba ukifungwa kwa miezi michache, ukifunguliwa hutoa pweza wakubwa kuliko kabla. Wavezo wa Andavadoaka, Madagascar, walijaribu mwaka 2004, na mtindo huo ukaenea hadi Pemba ya Zanzibar na visiwa vya Lamu nchini Kenya. Katika wilaya ya Palma pia, vijiji kama Quiwia vimewahi kutenga maeneo ya bahari yao kupitia mabaraza ya jamii ya uvuvi, yanayojulikana kwa kifupi cha Kireno kama CCP.

Familia ya dago inayofika bila kupiga hodi kwa baraza hilo huweza kuvua mahali ambapo wenyeji wamekaa miezi mitatu bila kugusa. Ugomvi mwingi wa wageni na wenyeji huanzia hapo, wala si kwenye uraia. Mgeni anayefika kwanza kwa katibu wa kijiji na wazee wa baraza, akaonyesha zana zake na kuuliza wapi pamefungwa, hupata pia jibu la swali muhimu zaidi: maji yako wapi.

Dumu moja kwa siku

Mtu mzima katika joto la pwani huhitaji kiasi cha lita 3 za kunywa kwa siku. Familia ya watu sita humaliza karibu dumu zima la lita 20 bila kupika wala kuosha. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu hupendekeza lita 15 kwa mtu kwa siku kwa mahitaji yote. Kwa familia hiyo ni lita 90. Hakuna mashua ya uvuvi inayoweza kubeba kiasi hicho kwa mwezi mzima, ndiyo maana kambi huchagua kisiwa kilicho karibu na kisima, na ndiyo maana bei ya maji kisiwani huweza kuwa jambo zito kuliko bei ya samaki.

Familia zenye uzoefu hugawa maji kwa kazi. Ya kunywa hukaa kwenye madumu yaliyofungwa, kivulini. Maji ya chumvichumvi ya visima vifupi hutumika kuoshea vyombo. Bahari hutosha kuoshea samaki na kuogea, na maji matamu huwa ya kujisuuzia tu.

Choo ni jambo la pili. Kisiwa kidogo chenye mchanga hupitisha uchafu haraka hadi kwenye kisima. Shimo la choo huchimbwa mbali na kisima, upande wa chini, na mbali na mahali pa kuanikia samaki. Kambi inayojisaidia ovyo ufukweni hukaribisha kuhara, na kuhara mahali pasipo na zahanati huua watoto kwanza.

Hofu ya ugonjwa nayo huua. Aprili 7, 2024, katika jimbo jirani la Nampula, boti ya uvuvi iliyojaza watu kiasi cha 130 ilizama ikielekea Kisiwa cha Msumbiji. Zaidi ya watu 90 walikufa maji, wengi wao watoto. Maofisa walieleza kwamba wengi walikuwa wakikimbia bara kwa hofu iliyotokana na uvumi kuhusu kipindupindu. Boti hiyo haikutengenezwa kubeba abiria.

Somo hilo ni la kila dago. Chombo kinachobeba nyavu, barafu, chumvi, mbuzi na watoto kwa safari moja kinaweza kuonekana kimetulia gatini, kisha kikaelemewa kwenye mkondo kati ya kisiwa na kisiwa. Safari mbili ni ghali kwa mafuta, lakini ni rahisi kuliko mazishi.

Chakula nacho kina mtego wake. Msumbiji inalinda kasa kwa sheria, na kisiwa cha Vamizi ni moja ya fukwe zinazojulikana kwa kasa wanaopanda kutaga. Mbali na sheria, nyama ya kasa huweza kuwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba ya Zanzibar, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi ya wengine walilazwa. Panza ni kisiwa cha wavuvi kama hivi vya Quirimbas. Kwa familia iliyoko kambini, mbali na hospitali, mlo huo ni kamari wanayochezewa watoto.

Mbuzi, kuku na paka

Mifugo haiendi dago kwa mapambo. Kuku ni akiba: anataga, analiwa siku ya mgeni, anauzwa siku ya shida. Mbuzi ni benki inayotembea, na akiwa na maziwa ni chakula cha mtoto. Paka analinda chakula na nyavu, maana panya hutafuna vyote viwili, na hupenda zaidi uanio wa samaki. Mbwa ni nadra katika kambi za Waislamu wa pwani, ingawa wapo wanaowafuga kwa ulinzi.

Kila mnyama ana gharama yake. Mbuzi anahitaji maji, lita kadhaa kwa siku za joto, na maji hayo hutoka kwenye madumu yale yale. Akiachwa huru, hula miche na vichaka vinavyoshika mchanga wa kisiwa, na hata majani ya mikoko. Wenyeji huona hilo haraka kuliko wageni. Mbuzi wa dago hufungwa kamba, hukatiwa majani kwa kiasi na hupewa kivuli.

Kuku wanapaswa kuchanjwa kabla ya safari. Ugonjwa wa mdondo, ambao sehemu nyingine huitwa kideri, huweza kumaliza kuku wote wa kisiwa ndani ya siku chache, pamoja na wa wenyeji. Ipo chanjo ya I-2 inayostahimili joto, ambayo imetumika kwa miaka mingi vijijini Tanzania na Msumbiji. Hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila miezi minne. Ni jambo dogo linalozuia uadui mkubwa.

Paka na mbwa ndio hatari kwa ndege wa ufukweni na vifaranga vya kasa. Mbwa hufukua viota, na paka huvizia vifaranga vinapotoka mchangani, takriban miezi miwili baada ya kasa kutaga. Anayekwenda na paka hurudi naye. Paka aliyeachwa kisiwani baada ya kambi kuvunjwa hugeuka mwitu, na msimu unaofuata wenyeji huuliza nani aliyemleta. Mbwa naye achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, maana kutoka kisiwani hadi penye sindano ya kumwokoa aliyeng'atwa ni safari ya siku nzima au zaidi.

Kwa anayevuka Rovuma, kuna jambo moja zaidi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008 na baadaye ikafika mikoa ya kusini. Mbuzi mmoja wa familia huweza kubeba ugonjwa unaofunga biashara ya mifugo ya jimbo zima. Ndiyo maana mamlaka za mifugo hutaka kibali na hati ya afya ya mnyama. Kwa wengi, njia nafuu ni kumwacha mbuzi nyumbani na kununua au kukodi mwingine upande wa pili, akiwa na mwenyewe anayejulikana.

Kambi ilipobadilika maana

Hadi mwaka 2017, mtu aliyeona moshi kisiwani alijua ni wavuvi. Oktoba 5 mwaka huo, watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na kuanzia hapo moshi ule ule ukawa na maswali. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Machi 24, 2021, Palma yenyewe ilivamiwa. Wakati vita vikiwa vikali zaidi, karibu watu milioni moja walikuwa wamehama makwao katika eneo la kaskazini ya Msumbiji.

Wengi walikimbilia baharini, kwa sababu ndiyo njia waliyoijua. Oktoba 2020 maelfu walishuka kwenye ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba, kutoka kwenye mashua zile zile za uvuvi. Mwishoni mwa mwezi huo, chombo kilichobeba wakimbizi kilizama kati ya Ibo na Matemo na makumi ya watu wakafa.

Kwa mbali, familia iliyo dago na familia iliyokimbia hufanana: makuti, turubai, sufuria, watoto. Lakini wa dago ameondoka kwa hiari, anajua siku ya kurudi na ana mnunuzi anayemsubiri. Aliyekimbia hana hata kimoja kati ya hivyo. Vita viliziweka kaya hizi mbili kwenye ufukwe mmoja, na watu wa usalama wakawa na kazi ya kutofautisha kwa macho, usiku, kutoka kwenye boti ya doria.

Kwa vipindi tofauti mamlaka zimezuia safari za baharini na uvuvi wa usiku katika maeneo ya kaskazini. Pembeni ya rasi ya Afungi, mradi wa gesi asilia nao umeweka mipaka mipya baharini na ufukweni, na kijiji cha Quitupo kilihamishwa kupisha ujenzi. Kila zuio lina sababu yake. Lakini mvuvi asiyeambiwa mapema wapi na lini pamefungwa huligundua zuio akiwa tayari amelivunja, familia yake ikiwa ndani ya chombo.

Karatasi za kaya

Nahodha mzoefu huwa na leseni ya chombo na ya uvuvi. Mke wake na watoto mara nyingi hawana kitu. Wakiwa upande wao wa mpaka, hilo halionekani kuwa tatizo. Upepo ukiwasukuma, au soko likiwavuta, hadi upande wa pili, wanakuwa watu wasiojulikana.

Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, liliripoti kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kwenda Tanzania wakikimbia mapigano walirudishwa kupitia Negomano. Familia ya wavuvi isiyo na kitambulisho huingia kwa urahisi kwenye kundi hilo, hata kama ilikuja kuuza samaki.

Kwa upande wa bidhaa, wafanyabiashara waliozoea mipaka ya Namanga, Busia au Mutukula hushangaa wanapofika kusini. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachowasaidia wenye mizigo midogo, hakifanyi kazi hapa, kwa sababu Msumbiji si mwanachama wa jumuiya hiyo. Tanzania na Msumbiji hukutana ndani ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ambayo eneo lake huru la biashara lilizinduliwa mwaka 2008 na lina cheti chake cha uasili. Samaki mkavu huhitaji pia hati ya afya kutoka mamlaka ya uvuvi ya nchi anakotoka. Mchuuzi wa magunia matatu hujikuta anadaiwa makaratasi yale yale anayodaiwa mwenye kontena, kisha anaamua kupita usiku kwa ngalawa.

Msingi wa kurekebisha hali hii upo. Itifaki ya Uvuvi ya SADC ya mwaka 2001 inazungumzia wavuvi wadogo. Miongozo ya FAO kuhusu uvuvi mdogo, iliyopitishwa mwaka 2014, inazitaka nchi kutambua wavuvi wanaohama na kushirikiana ili wapokelewe kwa haki katika jamii wanazofikia. Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, SADC ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya nne. Ofisa wa Palma na mvuvi wa Mtwara wana lugha ya kuelewana. Kinachokosekana ni karatasi moja fupi, katika lugha hiyo na Kireno, inayoandika chombo, nahodha, watu wote waliomo pamoja na wanawake na watoto, wanyama, kisiwa wanakokwenda na siku ya kurudi. Karatasi ya namna hiyo ingemsaidia mlinzi wa doria kama inavyomsaidia mvuvi.

Mnunuzi na kambi yake

Hadi hapo, sehemu kubwa ya mambo iko mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Chombo kinachokwenda kuchukua mzigo kikibeba madumu ya maji safi, chumvi nzuri na dawa ya kuhara, hurudi na ng'onda bora. Mnunuzi anayepima kwa mizani mbele ya mama aliyekausha, na kulipa zaidi kwa mzigo mkavu, hupunguza hasara yake mwenyewe. Anayeandika majina mawili kwenye daftari la mkopo, la nahodha na la mkewe, huwa na mtu wa kuzungumza naye siku nahodha akiwa baharini. Na anayekataa kununua kasa, au pweza wadogo kutoka mwamba uliofungwa, hulinda mzigo wa msimu ujao.

Kuna na taarifa. Mnunuzi hupita bandari tatu au nne kwa wiki. Yeye ndiye anayesikia mapema kwamba doria imefunga eneo fulani, kwamba kisima fulani kimekauka, au kwamba kimbunga kiko njiani. Kenneth kilipopiga pwani hii Aprili 25, 2019, kilivuruga Ibo, Matemo na vijiji vya Macomia. Kwa kambi ya makuti iliyo kwenye mchanga mtupu, saa chache za tahadhari ni tofauti kati ya kuhama na kusombwa.

Msimu ukiisha, dago hufungwa kwa utaratibu ule ule wa siku ya kufika, ila kinyume. Makuti hushushwa, shimo la choo hufukiwa, nyavu zilizochakaa hukusanywa zisije zikanasa kasa. Magunia ya ng'onda hupanda kwanza, maana ndiyo yaliyowaleta. Kuku hurudi tengani, mbuzi hufungwa penye mlingoti. Kisha mama huhesabu watoto, mmoja mmoja kwa jina, na mara nyingine huhesabu tena. Paka asipoonekana, chombo husubiri kidogo.

Mchangani hubaki mafiga matatu, meusi kwa moshi. Yeyote atakayefika msimu ujao atajua kwamba hapa palikaa watu wenye kwao.